Barabara Tatu Ndani ya Kompyuta: Tata Kisimba Gracien Anapumzika

Tata Kisimba Gracien ameitumikia Karakana ya Mabehewa ya Kolwezi kwa miaka thelathini na mitatu na mwezi mmoja. Aliingia tarehe 1 Machi 1976, kijana kutoka Manono mwenye shati jeupe moja na mwandiko mzuri. Ametoka Jumanne tarehe 31 Machi 2009, mwenye mashati mengi na mwandiko uleule. Jumamosi hii, tarehe 4 Aprili, tunakusanyika katika ukumbi wa karakana kumwambia asante.

Aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu ni Tata Henri Mbayo, mkuu wa Ofisi ya Nyumba. Nilimkumbusha kwamba wako wazee waliofanya kazi na Tata Kisimba tangu zamani, na kwamba mimi ni mwanafunzi wa kazi tu, niliyemaliza shule miezi saba iliyopita. Akajibu: "Wale bazee batasema mpaka bukari ipoe. Weye hausemaka. Basi andika." Nimeandika. Wazee mtanisahihisha mkiwa mnakula ugali huo.

Kazi ya kwanza ya Tata Kisimba na kazi yake ya mwisho ilikuwa moja: karani wa nyumba. Kila aliyeajiriwa na karakana alipewa nyumba katika kambi yetu yenye barabara tatu, Mikaratusi, Kisima na Reli, na kila nyumba ilipita mikononi mwa Tata. Katika daftari kubwa aliandika namba ya nyumba, jina la mfanyakazi, jina la mke, idadi ya watoto, vioo vya madirisha na mabomba ya maji. Bomba likilia usiku, asubuhi alikuwa mlangoni. Mafundi walikuwa na msemo wao: mhandisi anajua mabehewa, muuguzi anajua magonjwa, lakini Kisimba anajua mnavyolala.

Nyumba za kambi zilijengwa mbilimbili, ukuta mmoja katikati, kwa hiyo kumpa mtu nyumba ilikuwa kumpa pia masikio ya jirani. Tata aliwapanga watu kama mtu anayepanga nyimbo za misa. Fundi wa zamu ya usiku hakuwekwa ukuta mmoja na mwimbaji wa kwaya. Waliogombana kazini aliwatenganisha kwa barabara nzima. Waliopendana bila kuthubutu kusemezana, inasemekana, aliwapa milango inayotazamana, na ndoa mbili za barabara ya Reli zinadaiwa kuandikwa kwanza katika daftari lake.

Yapo mengine yanayosimuliwa hadi leo. Mwaka 1984 alikwenda kukagua namba thelathini na moja, barabara ya Kisima, akakuta mbuzi wa Noeli amefungwa bafuni. Hakukaripia mtu. Katika safu ya wakaaji aliongeza: "Mmoja zaidi, hana kadi ya kazi, anakula sabuni." Mkurugenzi wa wakati ule alipoisoma ripoti alicheka mpaka akatia sahihi mlango mpya wa bafu, ambao mwenye nyumba alikuwa ameuomba kwa miaka mitatu.

Kisha ikafika miaka ile ya 1992 na 1993. Wengi watakaosoma ukurasa huu waliiona; mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Jirani zetu ambao wazee wao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi na reli waliambiwa kwamba hapa si kwao, ingawa watoto wao hawakujua kwingine. Karakana yenyewe ilikuwa tayari inadhoofika kwa kukosa vipuri, na sasa ikakosa na mikono. Nyumba zilifungwa moja baada ya moja. Katika barabara ya Mikaratusi, mnasema, mtu aliweza kusikia kila jani la mkaratusi likianguka.

Familia zile zilingoja treni kwenye stesheni kwa majuma mengi, zikilala kati ya magodoro, cherehani na milango iliyong'olewa. Kila siku baada ya kazi Tata Kisimba alikwenda pale na daftari dogo la shule. Alipita kati ya watu akiuliza maswali mawili tu: mlikuwa nyumba gani, na mnakwenda wapi. Wengine walidhani anatafuta vioo vilivyovunjika, wakamgeuzia mgongo. Alingoja mpaka wageuke tena. Aliwaambia: "Nataka kujua nitabaandikia wapi." Mwene-Ditu, wakajibu. Mbuji-Mayi. Kananga. Wengine walisema hawajui, na Tata akaandika hivyo: hawajui.

Kwa miaka kumi aliwatumia barua kwa mkono wa mapadri na wa madereva wa malori. Kisha, mwaka 2003, ofisi yetu ikapata kompyuta. Tata alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na alichapa kwa kidole kimoja. Alikuwa akiisalimu kila asubuhi kabla ya kuiwasha, na mtu akimcheka alisema kwamba mashine iliyokuja kutoka mbali hivyo haiwezi kukaa bila kusalimiwa. Barua pepe yake ya kwanza aliituma kwa parokia moja ya Mbuji-Mayi. Jibu lilichukua siku tisa, na siku zote tisa Tata alikuja kazini amevaa tai, maana hakujua litaingia saa ngapi.

Watu wengine hupanga anwani zao kwa herufi. Tata Kisimba alitengeneza vikundi vitatu, akaviita Mikaratusi, Kisima na Reli, na mbele ya kila jina akaweka namba ya nyumba. Kwa namna hiyo aliyekuwa jirani yako kambini alibaki jirani yako ndani ya kompyuta, hata kama wewe uko Kananga na yeye yuko Mwene-Ditu. Nilipovisoma vikundi hivyo kwa mara ya kwanza ilikuwa saa nane mchana. Ofisi ilikuwa imetulia, na vumbi jekundu lilikuwa likielea katika mwanga wa dirisha. Nilisoma namba moja, namba mbili, namba tatu, na baada ya muda nilijiona ninatembea. Palikuwa na kivuli upande mmoja. Palikuwa na moshi wa majiko. Nilikaribia kubisha hodi.

Kila mwezi Tata aliviandikia vikundi hivyo barua moja, nayo watu waliiita barua ya barabara. Jumamosi alitoka kwake, mtaa wa Manika, akatembea kambi nzima mikono nyuma, na Jumatatu, saa ya mapumziko, aliandika alichokiona. Mkaratusi wa mbele ya namba saba umeanguka, hakuna aliyeumia. Namba ishirini wamepaka ukuta rangi ya bluu. Si nzuri, lakini inaonekana mbali. Bibi wa namba mbili, Reli, bado anaimba akifagia. Aliandika kama mtu anayewaandikia wasafiri walioondoka jana.

Mwishoni mwa mwaka jana bei ya shaba ilianguka, na mji wetu ukaanguka nayo. Malori ya kutoka Fungurume yakapungua. Mabehewa ya kutoka Tenke hayakuja tena kutengenezwa. Viyeyusho vidogo vya wageni, vile viwanda vya kuyeyushia shaba, vilifunga mageti, na wenye mali walikwenda zao bila kuaga. Karakana ilipunguza ofisi. Tulitangaziwa kwamba tarehe 31 Machi, saa sita kamili mchana, anwani zote za barua pepe za ofisi zitafungwa na kompyuta zitakusanywa. Siku hiyo ilikuwa pia siku ya mwisho ya Tata.

Watu mia mbili na kumi na wanne walijua anwani moja tu ya Tata Kisimba: ile ya ofisi. Baada ya saa sita ya siku ile, barua ya yeyote kati yao ingeangukia mahali pasipo na mtu. Tata alinunua kompyuta iliyotumika kutoka kwa kiyeyusho kilichofungwa, akaiweka sebuleni kwake Manika, na mke wake, Mama Mbuyu, akaishonea kitambaa cha kuifunika. Intaneti inaingia kwa waya wa simu, polepole, kama mzee anayepanda kilima. Ilibaki kuhamisha anwani na vikundi kutoka kompyuta ya kazini hadi ya nyumbani, kisha kumwandikia kila mtu: kuanzia leo nipateni hapa. Kazi ya kuhamisha nilipewa mimi, kwa sababu nilisoma habari za kompyuta shuleni kwa miezi mitatu. Tulizisoma katika kitabu. Kompyuta yenyewe haikuwepo.

Mara ya kwanza nilihamisha anwani bila vikundi. Zilifika Manika zote, zimejipanga kwa herufi, A mpaka Z. Tata alitazama muda mrefu. "Bote beko, mama," akaniambia, kama wazee wetu wanavyomwita msichana, "lakini beko kama ku stesheni. Batu mingi, nyumba hakuna." Hakusema kwa ukali. Lakini nilizifuta zote palepale, za kompyuta na za flashi, nikarudi ofisini nikitaka sana kurekebisha, na katika kutaka huko nikafanya kosa kubwa zaidi.

Safari hii nililichukua daftari zima la anwani pamoja na vikundi vyake. Kabla ya kulibeba niliona kwamba programu ina namna ya kuondoa anwani zinazojirudia. Ilinionyesha anwani moja imeandikwa mara arobaini na mbili, nyingine mara thelathini na moja, nyingine mara kumi na tatu. Kitabu cha shule kilisema: mtu mmoja, anwani moja. Nikabonyeza. Majina mia mbili na kumi na manne yakawa mia moja thelathini na moja, na orodha ilipendeza kama uwanja uliofagiliwa. Kwa bidii ileile nilifuta pia nakala za barua zote zilizokwisha kutumwa, kama tulivyoagizwa, ili kuipunguzia mashine mzigo.

Jumamosi tarehe 21 Machi nilipanda pikipiki kwenda Manika, flashi nimeifunga katika leso. Tata alivaa miwani, akafungua kikundi cha Mikaratusi na kusoma kwa sauti, kama anavyofanya siku zote. "Kumi, Bilonda. Kumi na moja. Kumi na mbili." Kumi na tatu ilikuwa nyumba yake mwenyewe kabla ya kuhamia Manika, kwa hiyo haikuwemo. "Kumi na tano." Akasimama. Akarudi juu, akashuka tena na kidole kwenye kioo.

"Nani alitosha kumi na ine?" akauliza, yaani nani ameiondoa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwene-Ditu ni wachache wenye kompyuta. Watu arobaini na wawili hupokea barua kwa anwani moja, ya duka la intaneti la mama mmoja aitwaye Fifi. Yeye huchapa karatasi moja kwa kila jina analoliona, huipeleka sokoni kwa mwenyewe, kisha huifuta barua ili sanduku lake lisijae. Mbuji-Mayi wako thelathini na mmoja kwa anwani ya parokia. Kananga wako kumi na watatu kwa katibu wa shule. Asiye na jina katika barua hachapiwi. Mashine haikujua kwamba watu arobaini na wawili wanaweza kupita mlango mmoja. Mimi nilipaswa kujua. Nyumbani kwetu tuko kumi na mmoja, na simu ni moja.

Watu themanini na watatu walikuwa wamepotea. Daftari dogo la stesheni lilikwisha kusomwa lote na mchwa miaka mitatu iliyopita. Tata alikumbuka nani aliishi wapi, lakini orodha ilikuwa imebadilika tangu wakati ule: baba amefariki na binti amechukua nafasi yake, mwana ameoa na kuomba barua yake mwenyewe. Nilimwomba aandike anaowakumbuka, tukisie wengine. Alikataa. "Nyumba hawaigawaki na kubahatisha," akasema. Zilibaki siku kumi.

Nilianza kulia. Mama Mbuyu aliweka mbele yangu bukari na samaki. "Kula, mama," akasema. "Kulia na kusikia njaa, ile ni kazi mbili. Fanya moja kwanza."

Tata Kisimba angeweza kumwambia mkuu wa ofisi. Hakumwambia. (Tata Henri, sasa unajua.) Angeweza pia kuandika mwenyewe kule Kasai, na wangemjibu haraka kuliko mimi. Lakini alisema: "Weye njo ulibatosha, weye njo utabaita." Jumatatu alivuta kiti chake kando ya changu, akakaa mpaka nikamaliza. Niliandika hivi: "Mimi ni Stéphanie Nkulu, mwanafunzi wa kazi. Nimefuta watu themanini na watatu kwa kosa langu. Naomba kila mmoja anipe jina lake na namba ya nyumba aliyoishi. Nawaomba msamaha." Tata alisoma, akaongeza mstari mmoja: "Mvua imenyesha vizuri Mikaratusi."

Majibu yalianza Jumanne. Fifi alikuwa wa kwanza: "Mademoiselle, ile mashini yenu iko na njaa ya namna gani? Ilikula batu makumi ine na moja ku fasi yangu moja! Ngoja, naenda kubaita." Na kweli aliwaita. Nasikia alisimama sokoni na karatasi, akipiga kelele majina ya barabara zetu, Mikaratusi, Kisima, Reli, katika mji ambao hauna barabara yenye majina hayo, na watu wakaacha mizigo yao wakamfuata.

Mama Muamba wa namba ishirini na mbili aliandika: "Mutoto, bale ba mbele balitufukuza na makelele, na mafimbo. Weye umetufukuza na kidole moja tu. Kweli masomo iko ya maana!" Nilipoisoma niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Tata alicheka mpaka akavua miwani, na alipomaliza kuifuta niliona kwamba hakuwa akicheka tena.

Tata Mulumba, barabara ya Kisima, alitoa jina lake na majina ya wanawe wanne, kisha akauliza kama lile bomba la jikoni, alilolilalamikia mwaka 1991, limekwisha kutengenezwa. Jumamosi Tata alikwenda kuona. Halijatengenezwa. Alimjibu hivyo, kwa heshima, na akaandika tarehe.

Mama Bilonda wa namba kumi alitaka jambo jingine. Jina lake peke yake lilibaki kwenye anwani ya Fifi, lakini wanawe wawili walifutwa, na aliona hii ni nafasi njema: "Juu unaandika mupya, basi utuhamishe ku namba tano. Namba kumi jua inaingia mu chumba tangu asubuyi. Namba tano iko na kivuli. Miaka yote nilikuwa naitamani." Tulikuwa tunazungumza juu ya nyumba zenye watu wengine sasa, mbali naye kwa siku nyingi za reli. Tata alifikiri kwa uzito. Akafungua orodha, akatazama, akaniambia niandike: "Tunasikitika, Mama. Namba tano iko na batu." Siku mbili baadaye yule mama wa namba tano, ambaye naye huuza sokoni Mwene-Ditu lakini hupokea barua kwa anwani ya mwanawe, aliandika kwamba anamkaribisha Mama Bilonda kukaa kivulini mchana, lakini jioni arudi kwake.

Siku zile zilipita kama ndoto nzuri ya alasiri. Nje, karakana ilikuwa kimya. Behewa moja tu lilisimama kwenye reli na majani yameota magurudumuni. Ndani, milango ilikuwa ikifunguka. Niliandika jina, namba, barabara. Jina, namba, barabara. Kufikia Jumatatu jioni tarehe 30 Machi watu themanini na wawili walikuwa wamerudi kwao. Alibaki mmoja: namba kumi na nne.

Habari hii ya mwisho Tata Kisimba ameniruhusu kuiandika. Alisema wasifu usio na kosa hata moja si wasifu, ni fomu.

Namba kumi na nne ilikuwa ya Tata Ntambwe, fundi wa breki, jirani yake Tata Kisimba wa ukuta mmoja kwa miaka kumi na minne. Walikula pamoja, walibatiziana watoto. Siku Tata Ntambwe alipofunga mizigo, mwaka 1993, Tata Kisimba alifika mlangoni. Hakujua la kusema. Alikuwa karani, na mkononi alikuwa na fomu ya kurudisha nyumba, basi akafanya alichokijua: alihesabu vioo, akajaribu mabomba, akampa rafiki yake kalamu atie sahihi. Tata Ntambwe alitia sahihi. Pale stesheni Tata Kisimba alimtafuta mara nyingi, na mara zote alimkuta amelala, au amejifunika kama mtu aliyelala. Anwani yake aliipata miaka mingi baadaye kwa Fifi, akamwingiza katika kikundi cha Mikaratusi, akamtumia barua ya barabara kama wengine wote. Jibu halikuwahi kuja.

Jumanne asubuhi Tata alifika ofisini mapema. Watu wa kubeba kompyuta walikuwa wameanza na ofisi ya jirani. Tuliwasikia wakiburuta meza. Saa nne na dakika arobaini iliingia barua ya Fifi. Ninaiweka hapa ilivyo:

"Tata Ntambwe alifika sasa hivi. Hataki kuandika, mi naandika bile anasema. Anasema: Muambie Kisimba, barua yake ya barabara nilikuwa naisoma miaka tano. Asinirudishe mu ile liste. Ile siku alinisainisha fomu ku mulango. Kisha ananiandikia pamoja na batu bote, juu ya miti na mvua. Mi sikukuwa namba kumi na ine. Nilikuwa rafiki yake. Kama iko na neno ya kuniambia, aniandikie mi mwenyewe."

Tata alisoma mara mbili. Mimi sikujua kama nikae au nitoke. Mwishowe nikauliza, kwa sauti ndogo, nimweke Tata Ntambwe katika barabara gani.

"Hakuna barabara," akasema. "Umuweke pekee."

Nilimwandika hivyo: jina, anwani ya Fifi, bila namba, bila kikundi. Saa tano na robo tulituma tangazo la anwani mpya kwa watu mia mbili na kumi na watatu wa barabara tatu, na orodha nzima, safari hii bila kuisafisha, nikaitia katika flashi. Saa sita kamili anwani ya ofisi ilifungwa. Tata alifuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa shati, akaiaga mashine, na wale watu wakaibeba.

Tangu Jumatano anakaa Manika. Mama Mbuyu ananiambia kwamba siku ya kwanza aliandika jina Ntambwe na koma, akabaki hapo mpaka chakula. Siku ya pili aliandika juu ya mvua, akaifuta. Leo Ijumaa alasiri nilikwenda kuangalia kama waya wa simu unafanya kazi. Dirisha lilikuwa wazi, pazia likipumua polepole, na kwenye kioo palikuwa na mistari sita. Sikuisoma. Tata alinigeukia, akauliza jambo lililonishangaza: mtu anafanyaje kumtumia barua mtu mmoja? Ile ya parokia alikwisha kuisahau; kwa miaka mitano yote alikuwa akituma kwa vikundi, au akijibu tu.

Nilimwonyesha kwamba unaandika jina moja tu.

"Moja tu?"

"Moja tu, Tata."

Alitazama jina lile kwa muda, kisha akabonyeza. Mstari wa bluu ulisogea taratibu sana kutoka kushoto kwenda kulia, na sisi watatu, pamoja na Mama Mbuyu, tuliutazama mpaka ukafika.

Ninamaliza ukurasa huu Ijumaa jioni, na jibu bado. Kwa niaba ya Ofisi ya Nyumba, na ya wote walioishi katika barabara ya Mikaratusi, ya Kisima na ya Reli, popote walipo: asante, Tata Kisimba, kwa kila mlango uliotufungulia, na asante yangu mimi kwa kile kiti ulichokivuta kando ya changu. Siku zako ziwe njema, ziwe ndefu, zisiwe na haraka. Na jibu likukute nyumbani.

Stéphanie Nkulu
Ofisi ya Nyumba, Kolwezi